Kila Kitu Shoti

Taa ya ndani ya gari haiwaki: shoti. Honi inalia yenyewe usiku wa manane na kuamsha mtaa mzima: shoti. Betri imelala: kuna shoti inainyonya. Nyumba ikiungua, wachunguzi hata hawajafika, majirani wamekwisha kuhukumu kwamba ni shoti ya umeme. Na aliyegusa waya akarushwa, naye kapigwa shoti. Neno lilitufikia kutoka Kiingereza likiwa na maana nyembamba sana, yaani umeme kupata njia ya mkato na kuikwepa kazi uliyotumwa. Sisi tukalipanua mpaka likawa jina la kila ovu linalotokea ndani ya waya. Sina ugomvi na maneno ya mkopo. Lugha iliyomeza meza ya Mreno na shule ya Mjerumani haiwezi kukabwa na shoti. Ninacholalamikia ni upana wake: fundi aliyeambiwa "shoti" hajaambiwa pa kuanzia.

Hasara ya upana huo naiona vizuri zaidi katika mfumo mmoja mdogo ambao madereva wetu wengi wanao na hawautumii, ule unaoshika mwendo wa gari wenyewe huku mguu ukipumzika. Katika magari yaliyotumika yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani, mengi yana vitufe vyake kwenye usukani, au kijiti kifupi kilichochomoza upande wa kulia chini. Barabara zetu zina matuta, ng'ombe, bodaboda, na kibao cha kilomita 50 kwa saa kila penye makazi, kwa hiyo kijiti hukaa miaka bila kuguswa. Siku mwenye gari anatoka Dodoma kwenda Singida, lami imenyooka na roho imetulia, anakibonyeza na hakuna kinachotokea. Au taa yake kwenye dashibodi inapepesa badala ya kutulia. Gerejini anaeleza kwamba kruzi haishiki. Jibu analijua kabla boneti haijafunguliwa.

Mara nyingi si shoti hata kidogo. Mfumo huu umeundwa ukatae kufanya kazi kwa sababu ndogo tu. Kompyuta isipopata habari ya mwendo, au ya breki, au ya klachi, au ya gia, inaachia mara moja na kumrudishia dereva gari lake. Ni uoga wa makusudi, na uzuri wake ni huo. Lakini maana yake ni kwamba waya uliokatika mahali popote, plagi iliyolegea au swichi iliyochoka vyote vitaonekana kwa sura moja: haishiki.

Kabla ya kutaja ugonjwa, tumtaje mgonjwa, maana hata jina lake halijatulia. Nchini Tanzania "kidhibiti mwendo" kimekwisha kuchukuliwa na kifaa cha mabasi, kile kinachomzuia dereva asipite kasi fulani hata akikanyaga eksileta mpaka sakafuni. Kenya hicho ni spidi gavana. Gavana anaweka dari. Kruzi haiweki dari. Inashika mwendo uliochaguliwa, mlimani ikiongeza mafuta na mteremkoni ikipunguza. Madereva wenyewe wameipa kitenzi, nacho ni kushika: imeshika, haishiki, imeachia. Kwa sikio langu kitenzi hicho kimeshamaliza kazi ambayo kamati ya istilahi ingeifanya kwa vikao viwili na chai. Kishikamwendo, basi, kwa anayetaka nomino ya kuandika kitabuni. Gerejini nitaendelea kusema kruzi kama watu wengine.

Hata hivyo wanaochanganya gavana na kruzi hawako mbali na historia. Mfumo huu unatokana na Ralph Teetor, mhandisi wa Indiana, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1890 na kupoteza macho yote mawili akiwa na umri wa miaka mitano. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na wakili wake, ambaye alikuwa akipunguza mwendo kila anapozungumza na kuongeza kila anaposikiliza, gari likaenda kwa mishtuko. Mtu anayeona huenda asingelitambua hilo kwa haraka. Teetor alilihisi mgongoni. Hataza aliyopewa mwaka 1950 inataja kifaa cha kuikinza eksileta: gari likifika mwendo uliowekwa, pedeli inausukuma mguu wa dereva. Yaani kilianza kwa kuonya, kwa tabia ya gavana, na kushika mwendo kukaja juu yake. Kukinza ndiko kulikotangulia, na mwanafunzi wa fizikia atautambua mzizi wa ukinzani, neno litakaloturudia baadaye kwa njia nyingine kabisa.

Majina ya biashara yalibadilika mara kadhaa. Kampuni ya Teetor iliita kifaa chake Speedostat. Chrysler walipokiweka katika magari ya mwaka 1958 wakakiita Auto-pilot, yaani rubani wa kujiendesha, na Cadillac wakaja na Cruise Control, jina lililoenea. Yote mawili ya mwisho yananukia chumvi ya bahari. Sisi hatuna haja ya kushangaa, kwa sababu gari la Mswahili limejengwa kwa maneno ya jahazi. Usukani tulioushika kwa mikono miwili ulikuwa ubao wa nyuma ya chombo, ukitoka katika Kiarabu. Rubani alikuwa mjuzi wa miamba na mikondo kabla hajapanda ndege. Gavana naye, ukimfuata hadi Kilatini na kutoka hapo hadi Kigiriki, utamkuta ni mshika usukani wa meli. Mwaka 1948 Norbert Wiener alilichukua neno hilohilo la Kigiriki kuiita sayansi nzima ya mitambo inayojisahihisha, akikumbuka makala ya James Clerk Maxwell ya mwaka 1868 kuhusu magavana wa injini za mvuke. Katika makala hiyo Maxwell alikwisha kutenganisha mitambo inayopunguza tu kosa la mwendo na ile isiyotulia mpaka kosa limekwisha kabisa. Kruzi ni ya kundi la pili. Abiria wa matatu anayelalamika kwamba gavana imeharibika anamtaja nahodha bila kujua.

Sasa ugonjwa. Neno ninalolipenda kuliko yote hapa ni hitilafu. Redio na magazeti wamelichosha kwa kulituma kila umeme unapokatika, lakini asili yake bado inang'aa. Linatoka katika Kiarabu, ikhtilafu, kutofautiana, na Kiswahili hakikuisahau maana hiyo, kwani watu wawili wasiokubaliana bado tunasema wamehitilafiana. Hitilafu si kuvunjika wala si kuoza. Ni pale vitu viwili vinavyopaswa kusema neno moja vinaposema mawili.

Angalia swichi ya breki. Iko juu ya pedeli, mahali ambapo fundi hulazimika kulala chali sakafuni kichwa kikiwa chini ya usukani. Kwa nje ni kidude cha plastiki kisichozidi kidole. Ndani yake, katika magari mengi, mna kontakti za namna mbili. Jozi ya kwanza huachana wakati pedeli imepumzika na kugusana unapokanyaga, ndipo taa za nyuma zinapowaka. Jozi ya pili hufanya kinyume: hugusana wakati wa kupumzika na kuachana unapokanyaga. Kompyuta inazisikiliza zote mbili, na kwa kila jozi inauliza swali lilelile, je, breki imekanyagwa? Ni mashahidi wawili wa tukio moja. Jozi ya kwanza ikisema imekanyagwa na ya pili ikasema haijakanyagwa, kompyuta haihangaiki kujua nani mwongo. Inakataa kushika mwendo, kisha inaandika msimbo. Mmoja wa misimbo hiyo, P0504, hauna habari nyingine isipokuwa hiyo: maelezo mawili ya swichi ya breki hayalingani. Sijui istilahi ya umeme inayofaa zaidi kuitwa hitilafu kwa maana yake ya asili.

Kuna ujanja ndani yake unaomponza anayepima haraka. Kwa kuwa jozi hizi zimepangwa kinyume, katika swichi nzima waya mmoja una umeme na mwingine hauna, kisha ukikanyaga zinabadilishana. Ukikuta waya zote mbili zina umeme kwa pamoja, au zote hazina, usifurahie mapatano hayo. Zikilingana kwa volti, zimehitilafiana kwa ushahidi.

Na wakati mwingine swichi nzima huhitilafiana na mguu wa dereva, na chanzo mara nyingi wala si umeme. Kwenye mkono wa pedeli kuna kifuniko kidogo cha plastiki au mpira kinachoibonyeza swichi breki inapopumzika. Joto la miaka mingi hukikausha, kikapasuka, kikaanguka vipande vipande kwenye zulia la dereva. Ncha ya swichi ikaingia kwenye tundu tupu, taa za breki zikawaka mchana na usiku, na kruzi ikaamini kwamba dereva anakanyaga breki daima. Fundi anayewinda shoti atafungua tepu za waya mpaka jua lizame. Anayeuliza ni nani wasiokubaliana ataanza kwenye pedeli, na pengine kabla hajainuka ataviona vipande kwenye zulia, karibu na pua yake.

Neno la pili linalotupa taabu ni moto. Vitabu vya shule vina mkondo na vina volteji, na kila kimoja kina kipimo chake. Gereji ina moto tu. Waya wa moto. Moto unafika? Unafika, bosi, ila mdogo. Nalisikia neno hili kwa furaha, kwa sababu lina uhai ambao volteji haitaupata hata ikipewa karne. Lakini linaficha tofauti ambayo kipimo kizima kinaitegemea. Waya wa shaba ulioliwa na kutu ukabakiwa na nyuzi mbili au tatu bado utaonyesha volti 12 kwenye mita, kwa sababu mita haiudai karibu chochote. Ufunge mzigo, balbu au mota, na nyuzi zile zitashindwa. Volti zilikuwepo, mkondo hauwezi kupita. Ndiyo maana mafundi wa zamani hawakuitupa testa ya balbu hata baada ya kununua mita ya tarakimu: balbu inakula, na waya usioweza kulisha unaumbuka. (Kwenye waya zinazoingia katika kompyuta yenyewe testa hiyo ikae mfukoni, isije ikaunguza kilichokuwa kizima.) Upande wa ethi ni hivyohivyo. Pima kati ya ethi ya kifaa na ncha hasi ya betri kikiwa kinafanya kazi. Ukiona zaidi ya sehemu mbili za kumi za volti, boliti inayobana ethi kwenye bodi inataka kufunguliwa na kukwanguliwa.

Kwa "moto mdogo", basi, fundi anasema jambo la kweli. Anakosa tu kulitenga na "moto haupo", kwa sababu kwenye karatasi ya mteja yote mawili yataandikwa neno lilelile moja.

Moto huu wa mafundi uliwahi kuwa moto wa kweli. Katika magari mengi ya Ford swichi ya kuiachisha kruzi ilifungwa kwenye mfumo wa mafuta ya breki ili ihisi shinikizo la mguu. Upande mmoja wa swichi ulikuwa na mafuta, upande wa pili waya, na katikati utando mwembamba tu. Na waya ule ulikuwa na umeme wakati wote, hata gari likiwa limezimwa na funguo ziko mfukoni. Utando ulipochoka mafuta yalipenya, kontakti zikaota kutu, mkondo ukapita pasipotakiwa, joto likapanda. Magari yaliwaka yakiwa yameegeshwa. Kati ya mwaka 1999 na 2009 Ford iliita magari zaidi ya milioni 14 kuja kurekebishwa. Hapo Mwingereza anahitaji maneno mawili kueleza jinsi waya wenye umeme ulivyogeuka kuwa miali. Kiswahili cha gereji kinatosheka na moja, na kwa mara moja upana wa neno ni faida.

Taa za breki zina mkasa wao mwingine, nao nautaja kwa sababu ya fasheni ya siku hizi ya kung'oa balbu na kuweka taa za ledi. Katika baadhi ya mifumo ya zamani, kompyuta ya kruzi ilikuwa inaitafuta ethi yake kupitia uzi wa balbu ya breki iliyozimwa. Uzi ukiwepo, njia ipo na kruzi inakubali. Ledi haina uzi. Mwenye gari anafurahia taa mpya nyekundu zinazokata ukungu, na wiki hiyohiyo kruzi inakufa bila waya wowote kuguswa.

Nimetaja zaidi nomino hadi sasa, na sina budi kukiri kwamba upande wa nomino ndio Kiswahili cha umeme kinaposuasua. Anayefasiri neno kwa neno atakuletea "saketi wazi" kwa maana ya saketi isiyopitisha kitu. Kwa Mswahili njia ikiwa wazi hupitika! Mlango wazi unakaribisha. Kinyume chake, "swichi iliyofungwa" ya vitabu ndiyo inayopitisha umeme, hali nyumbani tukifunga redio imenyamaza. Mwanafunzi akipotea hapo asilaumiwe. Ndiyo sababu kuhusu swichi ya breki nilisema kugusana na kuachana, na fundi yeyote wa gereji za Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, angenielewa bila kamusi.

Nguvu yetu iko kwenye vitenzi, hasa mikiani mwao. Waya umekatika: umeme hauna pa kupita. Waya zimegusana: hiyo ndiyo shoti halisi, shoti ya hati. Waya umechubuka: ganda limeliwa, na ukigusa bodi fyuzi itakufa. Plagi imelegea. Pini imeota kutu ya kijani. Swichi imechoka, yaani bado inagusanisha, lakini si kila mara. Kila kitenzi hapa ni utambuzi kamili wenye dawa yake, na hakuna kinachoweza kukaa mahali pa mwenzake. Kukatika na kukatwa navyo vinakutuma sehemu mbili tofauti. Umekatika: nenda waya unapojikunja kila siku, kwenye bawaba za mlango au nguzo ya usukani. Umekatwa: uliza ni nani aliyefunga king'ora cha wizi au redio mpya, kisha tafuta tepu yake nyeusi. Mkia wa kitenzi unampeleka fundi kwa waya au kwa mtu. Istilahi inayotupa mkia huo na kuweka "kasoro ya mwendelezo wa saketi" imepoteza habari, hata kama imepitishwa na kikao.

Nomino moja tu nadhani tuliitupa kabla ya wakati. Usukani unazunguka, na vitufe vya kruzi viko juu yake. Waya za kawaida zingejisokota zikakatika siku ya kwanza. Kwa hiyo kati ya usukani na nguzo yake kuna boksi la duara lenye utepe mwembamba uliokunjwa tabaka kwa tabaka, unaojikaza na kujilegeza kadiri unavyokata kona. Waingereza wanauita kwa jina la springi ya saa, na Kiswahili kina neno kongwe la springi ya saa: kamani. Lilivuka bahari kutoka India, na ukoo wake ni Uajemi, kwenye upinde. Wazee waliotia saa ufunguo walilijua. Kamani ya usukani, nasema mimi, na sioni aibu.

Kamani ikikatika haifi na kruzi peke yake. Honi hupita humo, na umeme wa mfuko wa hewa pia. Kruzi haishiki, honi haisikiki, taa ya mfuko wa hewa inawaka: tatu kwa pamoja, na hakuna haja ya kupiga ramli. Ikiwa imechanika nusu, kruzi itashika usukani ukiwa umenyooka na kuachia kwenye kona, hitilafu ya vipindi inayomfanya mteja aonekane mzushi gari linapofika gerejini limepona. Zungusha usukani polepole huku mita ikiwa imeunganishwa. Kabla ya kuufungua, ondoa waya hasi wa betri na usubiri. Toyota wanataka sekunde 90 angalau, ili chaji iliyobaki ndani ya mfumo wa mfuko wa hewa iishe, kwa sababu mfuko huo hufyatuka kwa baruti nawe umeinamia hapo.

Na vile vitufe vyenyewe. Katika Toyota nyingi kijiti cha kruzi kina maneno manne au matano yaliyoandikwa juu yake, ya kushika, kuongeza, kurudia mwendo wa awali, kuachia, na bado waya wa kupeleka habari ni mmoja tu. Inawezekanaje? Kwa ukinzani. Kila ukisukuma upande fulani, unaingiza kipande chenye om zake. Kurudia au kuongeza ni kama om 240. Kushika au kupunguza ni kama 630. Kuachia ni kama 1,540. Kompyuta haijui kusoma kilichoandikwa kwenye kijiti, inajua kuhesabu tu. Sasa fikiria kontakti ya ndani imeota uchafu, na uchafu nao una ukinzani wake. Dereva anasukuma juu, rudia. Kijiti kinatoa 240 zake, uchafu unaongeza 390 njiani, na kompyuta inasikia 630. Gari linashika mwendo lilio nao sasa badala ya ule aliouacha kabla ya breki. Dereva ataapa kwamba kompyuta imerukwa na akili. Waya haujakatika, hakuna kilichogusana, fyuzi ni nzima, na huenda hata msimbo haujaandikwa, kwa sababu kwa upande wa kompyuta amri imefika na ni halali. Weka mita kwenye om, bonyeza kila upande mara kadhaa, taratibu, kisha kwa haraka. Tarakimu zikitangatanga, kijiti kinabadilishwa. Zikitulia penye 240, 630 na 1,540, kirudishe mahali pake na uhamie kwenye kamani.